Mstari wa Juu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla mashine haijapata moto, Mama Machozi alikuwa amekwisha kuandika kwamba mashine imefanya kazi vizuri.

Ndivyo walivyozoea. Katika chumba cha kutakasia vifaa, pale chini ya ngazi za hospitali, wahudumu wanne walipokezana zamu mbili, na wote wanne waliandika ripoti mwanzoni mwa zamu, kichwa kikiwa hakijachoka. Ripoti ilitakiwa iwe ya Kiingereza, na Kiingereza kilitaka kichwa kipya. Kuandika kwenyewe hakukuwa kazi kubwa. Ulifungua kitabu, ukatazama mstari wa juu, ule alioacha mwenzako, ukauteremsha neno kwa neno kwenye mstari wako: "Machine is working well. All packs are dry and safe." Mashine inafanya kazi vizuri, vifurushi vyote ni vikavu na salama. Kisha tarehe, kisha sahihi. Hakuna aliyekumbuka nani aliitunga sentensi hiyo. Ilikuwa kama kiti cha ofisini: kila mtu anakikalia, hakuna aliyekinunua.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la chuma lenye mlango wa duara, unaofungwa kwa gurudumu kama usukani wa lori. Ndani yake walipanga mikasi, koleo na visu vya upasuaji, vikiwa vimefungwa kwa vitambaa vya kijani na kuzungushiwa utepe wenye mistari hafifu. Mvuke mkali uliingia, ukaua kila kinachotakiwa kufa, na baada ya saa nzima vifurushi vilitoka vikavu, mistari ya utepe imegeuka myeusi tititi. Nyeusi ndiyo salama. Hilo halikuhitaji lugha yoyote.

Mama Machozi alikuwa na miaka arobaini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza katika chumba hicho, kwa mkataba wa miezi sita sita. Kila miezi sita ilipokwisha alilala siku mbili tatu akiwa hajui kama ana kazi, kisha akaitwa, akatia sahihi, akashusha pumzi. Sasa, siku ya Ijumaa, yaani siku tatu mbele, angekaa mbele ya kamati ili aajiriwe moja kwa moja. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, alikuwa amemweleza waziwazi wanachotaka kuona: mtu anayeweza kuandika ripoti ya Kiingereza, na kitabu kisafi. Kitabu kisafi maana yake hakina mikwaruzo, hakina malalamiko, hakina vituko.

Kituko alishawahi kufanya, na ndiko lilikotoka jina lake.

Miezi minane nyuma, mkurugenzi mpya alipoamuru kila kitabu cha hospitali kiandikwe kwa Kiingereza, yeye alikuwa wa kwanza kujaribu kwa akili yake mwenyewe. Siku hiyo mashine ilikuwa inatoa sauti nyembamba kwenye mlango, sauti ya kuudhi, kama mtoto anayelia huku amefunga mdomo. Akaandika: "The machine is crying at the door." Mashine inalia mlangoni. Kwa lugha yake hapakuwa na ajabu yoyote. Mashine hulia, gari hulia, hata viatu vipya hulia. Lakini kwenye mkutano wa Jumatatu metroni aliisoma ripoti hiyo kwa sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja akauliza kama mashine imefiwa. Mwingine akataka ipelekewe leso. Hadi wanatoka, alikuwa ameshaitwa Mama Machozi. Mwezi mmoja baadaye hata mlinzi wa getini alikuwa anamwita hivyo, bila kujua sababu.

Tangu hapo hakutunga tena. Alinakili mstari wa juu.

Hata hivyo alijiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza. Kila Jumatatu, saa kumi na moja, mwalimu mmoja mstaafu alikodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi na kufundisha watu wazima kumi na wawili: mafundi, wauza duka, dereva mmoja na yeye. Mwalimu hakuwa na makuu. Aliandika ubaoni maneno kumi ya kila siku, maneno ya nyumbani na kazini, na kila mwanafunzi aliyatia katika sentensi. Sharti lilikuwa moja tu.

"Sentensi iwe ya kweli," alisema. "Usiniletee paka juu ya meza kama nyumbani huna paka."

Mama Machozi alimletea paka. Paka juu ya meza, paka chini ya kiti, paka mlangoni. Paka hakuwahi kumchekesha mtu. Binti yake, ambaye alikuwa sekondari, aliyapitia madaftari hayo na kukuta hayana kosa, na mwalimu naye hakukuta kosa. Lakini pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika kila wiki maneno yale yale: "Sahihi. Paka wa nani?"

Jumanne hiyo, basi, saa moja na dakika arobaini, alizungusha gurudumu na kuufungua mlango. Mvuke ukamfunika uso kama kawaida. Alivaa glavu nene, akavuta kikapu cha kwanza, akaweka juu ya meza ya bati, akangoja kipoe. Kisha akavua glavu na kugusa kifurushi cha juu kwa viganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kilikuwa na unyevu.

Akagusa cha pili. Akakigeuza atazame utepe. Mistari haikuwa myeusi. Ilikuwa na rangi ya chai iliyowekwa maji mengi.

"Redio," aliita.

Mwenzake wa zamu, ambaye alipewa jina hilo kwa kuwa hazimiki, alikuwa kwenye sinki anasugua koleo na kujisimulia mpira wa jana.

"Naam, mama wa machozi ya furaha."

"Acha hayo. Njoo ushike hiki."

Redio alijifuta mikono kwenye aproni, akakishika. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini asubuhi hiyo, alinyamaza. Haikuchukua muda.

"Unyevunyevu tu. Kitakauka njiani."

"Njiani kwenda wapi? Tumboni mwa mtu?"

"Dada yangu, nisikilize. Leo Jumanne. Ijumaa una kamati. Viweke chini ya feni dakika kumi, siku iende."

"Na utepe?"

"Utepe nani anauangalia? Wao wanaangalia kitabu, na kitabu umeshaandika. Tena kwa mwandiko mzuri."

Mama Machozi aligeuka kukitazama kitabu. Kilikuwa kwenye kimeza chake karibu na mlango, wazi, kalamu imefungwa kwa uzi. Vikavu na salama. Tarehe ya leo. Sahihi yake, ile yenye mkia mrefu aliyojizoeza kwa ajili ya Ijumaa.

Aliurudia mlango wa mashine, akainama, akapitisha kidole kwenye mpira mweusi unaouzunguka. Upande wa chini kidole kilizama. Pale pale. Mahali pale pale palipokuwa panalia.

Hakuwa na muda wa kurudia mzunguko mwingine, na hata angekuwa nao, mlango ungevuja tena. Saa mbili kamili sista wa chumba cha upasuaji angekuja kuchukua trei. Saa tatu kungekuwa na mzee wa ngiri kwenye meza ya upasuaji. Mama Machozi alimjua huyo mzee kwa kupishana naye tu. Jana mzee alimwuliza njia ya maabara, akamshukuru mara tatu.

"Nitamwambia sista kwa mdomo," alisema.

"Hapo sawa," Redio alisema, akashusha pumzi. "Mdomo haubaki."

Sista aliingia kabla hata ya saa mbili, mwembamba, mwepesi, saa yake imening'inia kifuani.

"Habari za asubuhi, wapendwa. Trei zangu ziko tayari?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu, kama anavyofanya kila siku, akausoma mstari kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akavuta kitoroli.

"Sista," Mama Machozi alisema, "usizichukue. Zina unyevu. Mvuke haukushika."

Sista alisimama. "Zina nini?"

"Unyevu. Na utepe haukugeuka. Ona."

Sista aliona. Alirudi kitabuni, akasoma tena, polepole. "Hapa pameandikwa vikavu na salama. Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Ya leo?"

"Ya leo."

"Sasa, mama, nimfuate nani? Wewe au sahihi yako?"

Redio alifungua bomba la sinki bila sababu.

"Nifuate mimi," Mama Machozi alisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mimi naweza kukufuata. Daktari hawezi. Nikipanda juu nikamwambia mama kasema, ataniuliza imeandikwa wapi. Kuahirisha upasuaji ni lazima paonekane palipoandikwa. Niandikie hapo chini, nipande nacho."

"Niandikie wewe, sista. Wewe unakijua Kiingereza."

"Kitabu ni chenu. Mkono wangu ukiingia humo, kesi inakuwa yangu." Alitazama saa ya kifuani. "Daktari anaanza kunawa mikono saa tatu kasorobo. Una dakika tano, mama. Au nichukue trei."

Hakuisema kwa ubaya. Ndiyo maana iliumiza.

Mama Machozi aliketi kwenye kistuli. Kalamu ilikuwa na jasho, au vidole ndivyo vilikuwa na jasho. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye mstari wa juu, kwa mazoea ya miezi minane, yakakuta vikavu na salama. Juu yake, vikavu na salama. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, hapakuwa na mahali pa kushika. Akasikia ukumbi unacheka. Alisikia hasa kile kicheko cha nyuma kabisa, cha mtu ambaye hakumwona uso hadi leo. Akaiona Ijumaa imekaa na kitabu hiki mapajani, inageuza kurasa.

Kufuta hakuruhusiwi. Kuchana ukurasa ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Chochote atakachoandika kingekaa chini ya sahihi yake mwenyewe na kuiambia kwamba imesema uongo.

"Dakika nne," sista alisema.

Akajaribu kukumbuka maneno ya jana jioni, yale kumi ya ubaoni. Mlango. Majimaji. Kuukuu. Kabla. Tazama. Kweli. Mengine yalikataa. Jana hiyo hiyo alikuwa ameyatia yote katika paka: paka alilowa, paka alitazama mlango. Leo maneno yalikuja kila moja na kitu chake. Mlango ulikuwa mlango huu, mbele yake, unapoa. Kulowa kulikuwa kwenye viganja vyake. Hakuhitaji kumfikiria paka wa mtu.

Aliandika kwa herufi kubwa kubwa kama mtoto, akibonyeza kalamu hadi ukurasa wa nyuma ukavimba:

"The packs are wet. Do not use them. The door is old and steam goes out."

Akasimama. Vifurushi vimelowa, msivitumie, mlango ni mkuukuu na mvuke unatoka. Ilitosha. Sista alishaanza kunyoosha mkono. Lakini mstari wa juu ulikuwa bado pale, na mkia wake mrefu. Akainama tena.

"The first line is not true. I wrote it before I looked."

Mstari wa kwanza si wa kweli. Niliuandika kabla sijatazama. Akatia sahihi, safari hii bila mkia.

Sista alisoma akiwa amesimama. Midomo yake ilicheza kidogo mwishoni.

"Huu wa mwisho ungeweza kuuacha," alisema kwa sauti ya chini.

"Ningeuacha, ule wa juu ungebaki."

Sista alikichukua kitabu kifuani akapanda ngazi mbili mbili. Trei zikabaki.

"Umejimaliza," Redio alisema, na hakukuwa na utani ndani yake. "Na sisi umetumaliza."

Mama Machozi alikuwa anajiuliza kama ni "goes out" au kuna neno jingine la mvuke, la heshima zaidi. Ajabu ya binadamu: nyumba inaungua, yeye anatafuta kiatu cha pili.

Daktari wa upasuaji alishuka mwenyewe, na nguo zake za kijani, kofia kichwani, makubazi miguuni. Nyuma yake metroni, na nyuma ya metroni fundi wa mashine na kisanduku chake. Chumba kikawa kidogo. Daktari alikuwa ameshika kitabu, kidole kikiwa katikati ya kurasa, kama mtu aliyekatizwa akisoma.

Mama Machozi alingoja kicheko. Alijiandaa kabisa, mgongo ukutani.

Daktari hakugusia Kiingereza hata kidogo. "Mlango huu unavuja tangu lini?" aliuliza.

"Tangu miezi minane, daktari."

"Miezi minane! Na hamkuandika?"

"Niliandika."

Daktari alianza kufunua kurasa kurudi nyuma. Alifunua taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Vikavu na salama, vikavu na salama, miandiko minne, sentensi moja.

"Nyinyi watu wanne," alisema bila kuinua macho, "kila siku mnaona kitu kile kile, kwa maneno yale yale?"

Redio alitazama dari kama aliyeona ufa.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mashine. Alibonyeza mpira kwa kidole gumba, na kipande chenye urefu wa kidole kikakatika, kikaanguka sakafuni kama ganda la mkate mkavu. "Huu umekufa zamani," alisema. "Ulikuwa unapumua kwa kudra."

Daktari alifika kwenye ukurasa aliokuwa anautafuta. Alisoma, akampa metroni kitabu. Metroni aliisoma sentensi ile mara ya pili katika maisha yake, safari hii kimya. Mashine inalia mlangoni. Alikaa nayo muda mrefu kuliko urefu wake.

"Ijumaa," alisema mwishowe, akimtazama Mama Machozi, "utakuja na kitabu hiki mwenyewe."

Trei za akiba zililetwa kutoka hospitali ya jirani, na mzee wa ngiri akapasuliwa saa saba badala ya saa tatu, akilalamika tu kwamba ana njaa. Hilo Mama Machozi aliambiwa na sista, mlangoni, kwa haraka. Tangu Jumanne hiyo hadi Jumapili mashine ilisimama ikingoja mpira mpya, na watu walishuka kutazama kipande kilichokatika kana kwamba ni jino la mfalme.

Ijumaa waliketi watu watatu nyuma ya meza, metroni katikati. Hawakumpa maneno ya kutungia sentensi, ingawa usiku kucha aliyapanga. Metroni alifungua kitabu, akakigeuza kimwelekee.

"Nionyeshe sentensi zilizo zako."

Alionyesha ile ya miezi minane nyuma. Akafunua hadi Jumanne, akaonyesha sentensi tano.

"Hizo tu, kwenye kitabu kizima?"

"Ndiyo, metroni."

"Na nyingine zenye sahihi yako?"

"Zile ni za mstari wa juu."

Mmoja wa wale watatu alikohoa. Walimtoa nje, wakamrudisha. Uamuzi ulisomwa kwa Kiingereza na yeye aliuelewa wote, jambo ambalo wiki nyingine lingemfurahisha. Kutia sahihi jambo usilolitazama ni kosa, na kosa hilo halipungui kwa kulikiri. Wahudumu wote wanne wangepewa barua ya onyo. Ajira yake ya moja kwa moja ingesubiri miezi sita, kisha kitabu kingetazamwa upya.

Alikuwa ameshafika mlangoni metroni alipomwita, si kwa Mama Machozi, bali "mama" tu.

"Ile ya mashine kulia," metroni alisema. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Nilipaswa kushuka kuangalia."

Mama Machozi aliitika kwa kichwa akatoka.

Nyumbani binti yake alikuwa amekaa mezani, hajala, anamngoja.

"Umepata?"

"Miezi sita."

"Tena?"

"Tena."

Binti akavuta daftari la mama yake, ambamo zile sentensi tano zilikuwa zimenakiliwa kwa ajili ya mwalimu, akazisoma na kalamu mkononi. "Hapa pa mvuke kuna neno zuri zaidi, mama."

"Litakuwepo. Lakini umeelewa?"

Binti aliitazama sentensi tena. "Nimeelewa," alisema, akaifunika kalamu.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na robo, mpira ulikuwa mpya na Redio alikuwa ameshakaa kwenye kistuli, kitabu wazi, amechanganyikiwa. Mstari wa juu ulikuwa bado ule wa Jumanne, wenye vifurushi vilivyolowa.

"Dada, umetuvunjia nyumba," alisema. "Nikinakili huu, thieta ya upasuaji inafungwa. Sasa niandike nini?"

"Hujaona kitu bado. Utaandika nini?"

"Tutakaa tukikodoa macho mpaka saa moja na dakika arobaini?"

"Tutaosha koleo."

Mama Machozi alichukua kalamu mkononi mwa Redio, akakifunga kitabu, akailaza kalamu juu yake. Kisha akazungusha gurudumu la mlango hadi likagoma, akawasha. Mshale wa kipimo ulitetemeka, ukaanza kupanda. Redio alifungua bomba na kuanza habari za mpira. Mama Machozi alisimama karibu na mlango, ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Zilikuwa zimebaki dakika themanini kabla ya kuufungua, na hata yeye hakujua bado ataandika nini.